Mkonga Si Ruhusa ya Kuingia Mtoni

Masika yanapokaribia, gereji za Dar es Salaam, Morogoro na Arusha hupokea mteja wa aina moja: mwenye Land Cruiser au Land Rover ya zamani anayetaka kufungiwa mkonga. Mmoja ana shamba ng'ambo ya korongo huko Kilombero. Mwingine husafiri kwenda Lindi na hajasahau Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani na barabara ikakatika Somanga. Wa tatu amechoka kuzunguka kila Mto Msimbazi unapofurika Jangwani. Fundi anatoboa madigadi, anapandisha bomba pembeni ya kioo, mteja analipa na kuondoka akiamini kwamba gari lake sasa linaweza kuvuka maji yanayofika kwenye boneti.

Imani hiyo ni ya hatari. Mkonga huamua jambo moja tu, nalo ni mahali injini itakapovutia hewa. Hauamui maji yatapenya wapi kwingine, wala kama matairi yataendelea kushika ardhi. Tena haumsaidii mwenye gari kujibu maswali ya mkaguzi gari hilohilo litakaporudi kwenye lami, ambako magari mengi ya aina hii hutumia sehemu kubwa ya maisha yake. Kina ambacho gari linaweza kuvuka hupimwa kwa sehemu yake ya chini kabisa isiyokingwa, na kwa uzito wake dhidi ya mkondo. Ncha ya bomba haihusiki sana.

Wanaopenda magari ya zamani kwa kazi hii wana sababu nzuri. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na injini ya 1HZ iliyokuja mwaka 1990 ni dizeli ya sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na pampu yake ya mafuta inafanya kazi kimekanika. Ikishawaka, hitaji lake kubwa la umeme ni waya mmoja unaoshikilia vali ya mafuta iwe wazi. Kwa upande huo wa umeme, Land Rover za 200Tdi na 300Tdi ni hivyohivyo. Hakuna kompyuta chini ya kiti inayoweza kulowa na kuzima kila kitu katikati ya mto.

Lakini tazama kiwango ambacho kiwanda chenyewe kilitoa. Land Rover Defender ya zamani, ile iliyoacha kutengenezwa Januari 2016, ilipewa kina cha milimita 500. Nusu mita tu, kwa gari jipya lenye sili mpya. Defender mpya iliyokuja baada yake imepewa hadi milimita 900, na haikupata tofauti hiyo kwa kuongezewa bomba: hewa yake, umeme wake na mifumo yake yote vilipangwa kwa kina hicho tangu kwenye mchoro. Anayechukua gari la miaka 30, lenye sili zilizokakamaa na nyaya zilizoungwa mara kadhaa, kisha akalipeleka kwenye maji ya mita moja kwa sababu lina mkonga, analidai gari kitu ambacho waliolitengeneza hawakuwahi kukiahidi.

Vijiko viwili vya maji

Hewa ndiyo ianze, kwa kuwa kosa hapa huua injini papo hapo. Pistoni hubana hewa, maji hayabaniki. Silinda moja ya 1HZ ina takriban sentimita za ujazo 694, na uwiano wake wa mgandamizo ni 22.4 kwa 1. Maana yake ni kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ni kama sentimita za ujazo 32. Vijiko viwili vikubwa vya maji vinatosha kuijaza. Yakizidi hapo, pistoni inagonga ukuta usiosogea na konrodi inapinda au kukatika. Injini ya petroli yenye silinda ya ukubwa huohuo na uwiano wa 9 kwa 1 ingebakiwa na nafasi karibu mara tatu ya hiyo. Kwa hiyo dizeli, ambayo tunaisifu kwa kutokuwa na plagi za kulowa, ndiyo yenye adhabu kali zaidi maji yakiingia.

Mkonga uliofungwa vizuri huzuia balaa hilo. Tatizo ni kwamba mikonga mingi inayofungwa ni mapambo. Bomba linaonekana juu, lakini kule chini, ndani ya madigadi, limeungwa kwa mpira usiobana, au tundu la zamani la hewa limeachwa wazi. Kipimo chake hakihitaji mashine. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, ziba mdomo wa mkonga kwa kipande cha ubao laini au plastiki ngumu, usitumie kiganja. Injini isiyo na turbo inapaswa kuzima ndani ya sekunde chache. Ikiendelea kuunguruma inapata hewa kutoka mahali pengine, na hapo ndipo maji yatakapoingilia.

Kuna kitu kidogo ambacho hata mafundi wazoefu hukisahau. Chini ya kopo la filta ya hewa mara nyingi kuna kimpira chenye midomo miwili kinachodondosha vumbi. Kikizeeka hubaki wazi, na kopo lenyewe liko chini sana kuliko mdomo wa mkonga. Gari linakuwa limevaa bomba la mita mbili huku likinywa maji kupitia tundu la kiunoni. Kimpira kipya ni bei ndogo ukilinganisha na injini.

Na iwapo injini itazima ndani ya maji na ukashuku kwamba imemeza, usiiwashe tena. Livutwe nje, hita plagi zote zifunguliwe, kisha injini izungushwe kwa stata ili maji yatoke kupitia matundu hayo. Oili na filta zibadilishwe kabla ya kuwasha. Injini nyingi haziharibiki kwa kuzima majini. Zinaharibika pale dereva, kwa hofu, anapopiga stata mara ya pili.

Maji hupanda kutoka chini

Tuseme hewa iko salama. Sasa shuka chini ya gari. Difu, giaboksi na transfa zote zina vipumulio, yaani matundu yenye vali ndogo ya kutoa hewa inayotanuka oili inapopata joto. Umetoka Mikumi, umekimbia saa mbili, difu ina moto. Ukiiingiza ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani husinyaa na difu huanza kuvuta. Kama kipumulio kimezama, kitavuta maji. Kama kimeziba kwa matope, maji yatavutwa kupitia sili za ekseli. Hakuna kelele, na gari linaendelea na safari bila dalili yoyote. Wiki kadhaa baadaye fundi anafungua nati ya kumwagia oili na kinachotoka kina rangi ya chai ya maziwa, na beringi zimeshaanza kuliwa.

Dawa yake ni rahisi kuliko mkonga: mipira midogo inayostahimili oili, ikitoka kwenye kila kipumulio hadi juu ndani ya chumba cha injini, ikiwa na nafasi ya kutosha ekseli inapopanda na kushuka. Land Rover za zamani zina jambo moja zaidi. Nyumba ya flaiwili, na kwenye injini za mkanda pia kifuniko cha taimingi belti, vina tundu la chini la kudondosha oili inayovuja. Kabla ya kuingia majini tundu huzibwa kwa plagi yake maalumu, na baada ya kutoka plagi huondolewa. Wanaoiacha humo mwaka mzima hushangaa klachi inapoanza kuteleza kwa oili iliyokosa pa kutokea.

Kisha kuna feni. Ikizunguka kwa kasi na kukutana na maji, visu vyake huweza kupinda mbele na kuchana rejeta. Ndiyo maana madereva wa zamani walifunga turubai mbele ya grili. Gari likienda mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, turubai husukuma wimbi mbele na kuacha bonde la maji machache nyuma yake, penye feni na altaneta. Wimbi hilo hudumu gari likiwa kwenye mwendo tu. Ukisimama, maji yote yanarudi. Kwa hiyo gia huchaguliwa ukiwa bado ukingoni, gia nzito ya chini, na haibadilishwi hadi ng'ambo. Kukanyaga klachi katikati ya maji kunakaribisha maji na matope kati ya sahani zake.

Uzito unaopotea

Yote haya yanahusu kulinda vyuma. Jambo linaloua watu ni lingine. Chukua gari lenye sakafu ya mita 4 kwa 1.7, milango ikiwa na mipira mizuri. Kila maji yanapopanda sentimita 10 juu ya sakafu, gari hupunguziwa uzito wa karibu kilo 680 juu ya matairi. Land Cruiser ya tani mbili na kitu haihitaji maji ya madirishani ili kuelea. Yakifika usawa wa viti tayari matairi yanagusa mchanga kwa kubembeleza tu.

Ongeza mkondo. Nguvu ya maji hukua kwa mraba wa kasi yake. Kwa hesabu ya makadirio, maji ya kina cha nusu mita yanayosukuma ubavu wa gari kwa kasi ya mita moja kwa sekunde hutoa msukumo kama wa uzito wa kilo 125. Kasi ikiwa mita mbili, msukumo ni kama kilo 500. Wakati huohuo gari limeshapoteza uzito uliokuwa ukilishikilia chini. Idara ya hali ya hewa ya Marekani imekuwa ikiwaonya madereva kwa miaka mingi kwamba sentimita 30 za maji yanayotiririka zinaweza kuyabeba magari mengi madogo, na sentimita 60 zinatosha kwa mengi makubwa, yakiwemo ya magurudumu manne.

Afrika Mashariki haihitaji mfano wa Marekani kulielewa hili. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililokuwa na wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu, karibu na Mwingi katika kaunti ya Kitui, Kenya. Watu zaidi ya 30 walikufa. Basi lina uzito mara kadhaa wa Land Cruiser, na lilisombwa. Hakuna kifaa cha gereji kinachobadilisha hesabu ya mkondo. Bango likisema barabara imefungwa, au askari akisimama Jangwani na kunyoosha mkono, amri hiyo inamhusu mwenye mkonga sawasawa na mwenye Vitz.

Gari lilelile juu ya lami

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo wengi huikumbuka wakishasimamishwa. Tanzania tunaongozwa na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168. Kenya wana Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na ukaguzi wa magari uko chini ya mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Msingi ni mmoja pande zote mbili: gari linaloendeshwa barabarani liwe katika hali isiyohatarisha waliomo wala watumiaji wengine wa barabara. Kwa hiyo swali la kujiuliza juu ya kila badiliko ni linafanya nini kwa breki, usukani, taa na uwezo wa dereva kuona.

Badiliko linalopendwa baada ya mkonga ni kupandisha gari kwa springi na shokapu ndefu. Hapa kuna kutoelewana kukubwa. Kwenye gari lenye ekseli nzima, kama Land Cruiser 70 na Defender, springi ndefu hupandisha bodi. Difu inabaki palepale ilipokuwa. Kinachopandisha difu ni tairi peke yake, na hupandisha nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Ukitoka kwenye 235/85R16, yenye kipenyo cha milimita 806 hivi, ukaenda 315/75R16 yenye 879, difu imepanda milimita 36 au 37. Hiyo ndiyo faida. Gharama yake iko kwenye spidomita: sasa inadanganya kwa asilimia 9. Kwenye vijiji vyenye kibao cha 50, sindano itasoma 50 na wewe utakuwa karibu 55. Trafiki mwenye tochi hatajali sindano yako inasema nini.

Bodi ikipanda, kitovu cha uzito kinapanda nacho, na gari linayumbayumba kwenye kona. Pembe za jointi za propela zinabadilika, mtetemo unaanza. Mipira ya breki inayoshuka kwenye ekseli inakazwa kuliko urefu wake, na siku gurudumu moja litakaponing'inia kwenye shimo, mpira unaweza kukatika. Taa kubwa zinawalenga machoni wanaokuja mbele. Usukani unapoteza ule mrejeo wake wa kunyooka wenyewe. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kisichoweza kurekebishwa, lakini kila kimoja kinahitaji kazi yake, na gereji inayouza springi pekee imeuza nusu ya kazi.

Kipimo cha busara tunaweza kukiazima Australia, ambako Land Cruiser 70 ni gari la mashambani kama lilivyo hapa. Mwongozo wa taifa hilo wa marekebisho ya magari, unaojulikana kama VSB 14, huchukulia kupandisha kwa jumla ya milimita 50 kuwa mpaka. Kupita hapo panahitajika cheti cha mhandisi, ingawa baadhi ya majimbo yamelegeza kidogo. Sheria yao si yetu. Lakini kama wahandisi wanaotumia gari hilohilo wameona kwamba baada ya milimita 50 lazima mtu mwenye ujuzi akague na kutia saini, mwenye gari wa Mbagala asidhani kwamba milimita 150 ni suala la ladha.

Mkonga wenyewe mara chache utakuletea shida, mradi usizibe macho ya dereva kwenye nguzo ya kioo na usiwe na kingo kali za kumjeruhi mpita njia. Taa za ziada ziwe na swichi yake na zisiwashwe mjini. Na vibao vya namba vifungwe kwa boliti juu ya bamba la chuma: wimbi la maji huving'oa kwa urahisi. Baada ya mafuriko ya Dubai ya Aprili 2024, vibao vilivyong'olewa viliokotwa kwa wingi barabarani. Kuendesha bila kibao ni kosa hata kama mto ndio ulioiba.

Kadi na bima

Magari ya zamani yana tabia ya kubadilishwa moyo. Land Rover nyingi nchini zinatembea na injini za Toyota, na wenye nazo wanafurahi. Lakini kadi ya gari inataja namba ya injini na namba ya chesisi. Injini ikibadilika, rangi ikibadilika, au hadtopu ikikatwa ikawa pikapu, TRA, ambayo ndiyo msajili wa vyombo vya moto Tanzania Bara, inapaswa kujua, na kadi isomeke sawa na gari. Ukilipuuza hilo utalikumbuka siku ya kuuza, au siku ya ajali.

Siku ya ajali ndiyo mbaya zaidi. Bima ndogo, ya mtu wa tatu, ni lazima kwa mujibu wa Sura ya 169 kwetu na Sura ya 405 kwa Kenya. Wanaokata bima kubwa hudhani kwamba wamelindwa kwa kila kitu. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli: mwenye gari anatakiwa kumweleza mwenye bima, yaani kampuni, kila jambo linaloweza kubadilisha uamuzi wake. Gari lililopandishwa, lenye matairi makubwa na injini nyingine, si gari lile lililoandikwa kwenye fomu. Ukinyamaza, umempa mwenye bima sababu ya kubishana na dai lako. Na usome mkataba unasema nini juu ya injini iliyokufa kwa kumeza maji, hasa pale dereva alipoingia mtoni kwa hiari yake. Andika barua yenye orodha ya marekebisho, ipeleke, na ubaki na nakala yenye mhuri.

Kuvuka nako hakumaliziki ng'ambo. Breki za ngoma hushika maji na mchanga. Ziguse polepole mara kadhaa zikauke kabla ya kurudi kwenye mwendo wa lami. Siku hiyohiyo tazama oili ya difu, giaboksi na transfa, toa maji yaliyomo kwenye filta ya dizeli, na tia grisi mpya kwenye jointi za propela. Anayevuka kila wiki akague beringi za magurudumu ya mbele na sili za nako mara kwa mara. Na gari linalovuja oili lisiingizwe mtoni kabisa: kuna watu wanaoteka maji hapo chini.

Kwa anayepanga kutumia fedha zake msimu huu, mpangilio wangu ni huu. Anza na sili, breki na mipira yake. Fuata vipumulio vyote kupandishwa juu. Kisha kopo la filta na kimpira chake, nyaya na altaneta. Tairi nzuri za ukubwa wa kiwandani, au karibu na hapo. Baada ya hayo funga mkonga, uupime kwa ubao, kisha nenda na gari kwa mkaguzi na barua kwa mwenye bima. Gari lililopita hatua zote hizi lichukulie kuwa gari la nusu mita ya maji yaliyotulia, uliyoyapima kwa mti mrefu ukiwa ukingoni. Maji yakizidi hapo, au yakiwa yanakimbia, geuza.